Biskuti za Tangawizi Pasipo Tanuri

Watu wengi hudhani ya kuwa biskuti ni kitu cha dukani, na ya kuwa asiye na tanuri la chuma hawezi kuzioka. Sivyo. Kila ajuaye kupalia wali, yaani kutia makaa juu ya kifuniko, amekwisha kujua nusu ya kazi hii. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa Kenya mwaka 1952, mapishi yalikuwa miongoni mwa mafunzo yake. Lakini somo lililofundishwa mbele ya tanuri halimfai mwenye jiko la makaa mpaka ligeuzwe kidogo.

VITU VINAVYOTAKIWA. Unga wa ngano gramu 250. Sukari guru gramu 125. Siagi gramu 100. Maji vijiko vikubwa 3. Tangawizi kavu iliyosagwa vijiko vya chai 2. Mdalasini kijiko cha chai 1. Karafuu iliyosagwa robo ya kijiko cha chai. Soda ya kupikia nusu ya kijiko cha chai. Na chumvi kidogo. Karafuu isizidi, maana hushinda viungo vyote. Soda nayo ikizidi huleta ladha ya sabuni.

KUKANDA. Sukari guru ivunjwevunjwe, iyeyushwe kwa maji na siagi juu ya moto mdogo, kisha ichujwe, kwa maana mara nyingi ina makapi ya miwa. Ikiisha kupoa, imiminwe katika unga uliochekechwa pamoja na soda, chumvi na viungo. Donge likandwe kidogo tu, lifunikwe nusu saa lipate kukazana, lisukumwe hata unene wa nusu sentimita, kisha likatwe kwa mdomo wa bilauri.

KUOKA. Sufuria nene itiwe mchanga mkavu kina cha vidole viwili, na mawe madogo matatu juu yake. Ifunikwe kwa kifuniko bapa cha bati, iwekwe jikoni robo saa ipate moto. Biskuti zipangwe katika sahani ya bati iliyopakwa mafuta, iwekwe juu ya mawe hayo. Makaa mengi yawe juu ya kifuniko, machache chini. Jiko liwe mahali penye hewa, kwa sababu hewa ya makaa ndani ya nyumba iliyofungwa huua.

Hapa ndipo wengi hupotewa. Biskuti iliyoiva huwa laini ingali moto. Ugumu huja ikipoa. Asiyejua hilo huibonyeza, huiona laini, huirudisha motoni, na akifunua tena hukuta imeungua. Kwa jamaa iliyonunua siagi kwa senti za akiba, hasara hiyo yatosha kumfanya mama asijaribu tena.

Basi na aoke biskuti moja kwanza. Baada ya dakika 10 aitazame: kingo zikiwa zimekauka na katikati pangali pakibonyea kidogo, aitoe, aiache ipoe kabisa. Ikivunjika kwa mlio, kadiri hiyo ndiyo ya kufuata. Ikipinda, aongeze dakika 2. Ikiungua chini, apunguze makaa ya chini.

Biskuti zikipoa zote zitiwe katika mkebe wenye kifuniko. Zikifungiwa zingali moto, mvuke wake huzilainisha. Moja iliyotolewa kwa kujaribia huokoa sahani nzima.