Nyumba ya Kasisi ya Kale: Itengenezeni kwa Chokaa

Ukitoka Miritini ukashika barabara ya Nairobi hadi Mazeras, kisha ukaingia ile ya Kaloleni, utafika Rabai, pwani ya Kenya. Hapo ndipo Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, Wajerumani waliotumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, walipoweka makao mwaka 1846. Krapf aliondoka mapema. Rebmann alibaki hadi 1875. Nyumba zao bado zimesimama, na kanisa la zamani ni makumbusho.

Huko Uingereza kwa waliowatuma, nyumba za makasisi zilizojengwa enzi ya wafalme walioitwa George, kuanzia 1714 hadi 1830, hutambulika kwa mlango wa katikati na madirisha yaliyopangwa sawa kwa sawa kulia na kushoto. Pwani yetu, hata pale ramani ya nyumba ilipotoka ng'ambo, vifaa vilikuwa vya hapa: mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ndiyo maana mzee wa kanisa aliyekabidhiwa nyumba ya namna hii lazima aitunze kwa mbinu za pwani.

Anzeni na maji. Kabla ya kugusa ukuta, kagueni paa, mifereji na ardhi inayozunguka msingi. Ukuta wenye unyevu hautapona kama maji bado yanaingia. Ondoeni udongo uliorundikana ukutani, na maji ya mvua yaelekezwe mbali na nyumba.

Ubisheni ukuta. Gongeni plasta kwa kifundo cha kidole. Ikitoa sauti ya utupu, imeachana na jiwe. Tazameni pia unga mweupe karibu na sakafu: hiyo ni chumvi iliyopanda pamoja na unyevu.

Saruji iwekwe kando. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Hunyonya unyevu, na chokaa huuacha utoke taratibu. Saruji ni ngumu na imebana; hufungia maji ndani. Chumvi hujijenga nyuma yake, jiwe likamomonyoka, na ncha za boriti zilizozama ukutani zikaoza. Mwaka wa kwanza ukuta hupendeza machoni, huku ndani unaliwa. Rangi ya plastiki nayo hubana vivyo hivyo, kwa hiyo pakeni chokaa.

Changanyeni ipasavyo. Kipimo kizuri cha kuanzia ni ndoo moja ya chokaa iliyolowekwa kwa ndoo tatu za mchanga. Mchanga wa ufuoni una chumvi, basi tumieni wa mtoni uliooshwa. Bandueni plasta mbovu polepole, pigeni mswaki vumbi litoke, kisha lowesheni jiwe. Pakeni matabaka membamba, kila moja lishike kabla ya linalofuata. Jua la pwani hukausha chokaa upesi mno ikapasuka, hivyo funikeni ukuta kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa. Fundi avae glavu na miwani, kwa maana chokaa huunguza ngozi na macho.

Msing'oe mlango wala dirisha bila sababu. Kama ubao umeoza chini tu, seremala akate sehemu iliyooza na kuunga mbao mpya. Boriti nazo zichomwe kwa bisibisi: ikizama kwa urahisi, mchwa au unyevu umeshafika.

Wekeni kumbukumbu na muulize sheria. Pigeni picha za kila upande kabla ya kazi na baada yake. Kama jengo limetangazwa turathi katika gazeti rasmi la serikali, Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inalilinda, na haliguswi bila idhini. Waoneni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kwanza.

Kamati nyingi huona chokaa ni kazi ndefu. Ni kweli, inataka subira na fundi anayeijua, lakini kiraka chake kinaweza kubanduliwa na kurudiwa bila kuumiza jiwe. Saruji ukiitoa, inaondoka na jiwe. Basi wazee wa kanisa, kabla ya kununua mfuko wa saruji, mtafuteni fundi wa chokaa, na kijana mmoja wa parokia afanye kazi kando yake ili ajifunze ufundi huu kabla haujapotea.