Kumwandikia wasifu mama aliyekuwa mke wa askari

Usiku wa pili wa msiba nilikabidhiwa kazi ya kuandika wasifu wa mama, eti kwa sababu mimi ndiye ninayeandika-andika. Nilipomaliza nikamsomea mama mdogo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Anayezikwa kesho ni dada yangu au ni shemeji?"

Kweli, nilikuwa nimeandika habari za baba. Alijiunga na JWTZ mwaka 1967, akapelekwa Nachingwea, kisha Tabora, akaenda Vita vya Kagera, akafika sajini, akastaafu. Mama alimfuata aya hadi aya kama godoro juu ya lori la uhamisho. Nikauchana wasifu huo. Nakueleza nilivyoanza upya, maana kazi hii haikupi taarifa kabla ya kukufikia.

Anza na mahali walipozaliwa watoto. Sisi ni watano na hakuna wawili waliozaliwa kambi moja. Kuzipanga kambi zile kulinipa safari ya mama mwenyewe. Kila ukifika kituo, uliza: baba alikuwapo? Tabora hakuwapo. Mwalimu Nyerere alipotangaza, Novemba 2, 1978, kwamba tunaingia vitani na Idi Amin, mama alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mdogo wetu alizaliwa Machi, baba yuko Uganda.

Kisha watafute majirani wa kota. Ndugu wa damu wanajua ya kijijini. Ya kambini anayajua aliyechangia ukuta na mama yako. Nilimpigia mmoja anayeishi Morogoro, akanieleza nisiyowahi kuyasikia. Redio ilikuwa moja kwa nyumba tatu, na betri zake zilianikwa juani mchana ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya usiku. Gari la ofisi likiingia, wanawake waliacha vyungu motoni wakasimama vibarazani kutazama litasimama mlango gani. Mama aliendelea kufua. Alisema kama ni lake, watamkuta.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, kota zikajaa vigelegele. Baba alirudi 1981. Mdogo wetu, aliyezoea kuona askari wakipita, alisimama wima akampigia saluti. Baba akaipokea kikamilifu, na mama akacheka hadi akakaa chini. Hilo niliandika kama lilivyo, na kanisani watu walicheka pia. Usiogope kicheko msibani.

Uliza na habari za pesa. Miaka ile ya baada ya vita, sukari na sabuni zilikuwa za foleni, na mshahara wa askari haukufika mwisho wa mwezi. Mama aliuza vitumbua karibu na geti. Sare zangu za shule zilitoka humo. "Mchapakazi" huandikwa kila mtu akifa. Andika vitumbua.

Ugomvi je? Hapa familia iligawanyika. Uhamisho mmoja mama aliukataa, akabaki nasi mwaka mzima ili nifanye mtihani wa darasa la saba, na baba hakufurahi hata kidogo. Kaka alitaka nilifute. Nililiacha, kwa sentensi mbili. Mwanamke aliyefungasha vyombo maisha yake yote, siku moja akagoma: hilo ni tukio kubwa kuliko cheo chochote cha baba.

Uwe ukurasa mmoja na nusu, usizidishe. Mchungaji alinipa dakika tano. Na ukienda kuchapisha, kijana wa steshenari atakuonyesha wasifu ulio tayari, unabadilisha jina tu. Mkatalie.

Wa mama bado una pengo, kati ya 1983 na 1985. Kama uliishi kota za Tabora miaka hiyo ukanunua vitumbua karibu na geti, kwa mama mrefu asiyekopesha, tafadhali nitafute.