Kupanga Spika na Sabwufa katika Kabini Ndogo ya Pikapu: Somo la Kulinda Usikivu

Utangulizi

Dereva wa pikapu ya mizigo huenda akakaa ndani ya kabini saa nyingi kuliko anavyokaa sebuleni kwake. Anapofika kliniki akilalamika kwamba masikio yake yanavuma usiku, huulizwa kuhusu mashine za kazini, dawa alizotumia na maradhi ya utotoni. Ni nadra kuulizwa spika za gari lake zimefungwa wapi na huzisikiliza kwa muda gani. Somo hili linaeleza jinsi ya kupanga spika na sabwufa katika pikapu ya milango miwili, ili msikilizaji apate muziki na taarifa kwa uwazi bila kulipa kwa masikio yake.

Tabia ya sauti katika nafasi finyu

Katika hewa yenye nyuzi joto 20 za Selsiasi, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Wimbi la hezi 50, ambalo ni besi ya ngoma, lina urefu wa karibu mita 7, nayo kabini ni fupi mno kuliko hapo. Wimbi hilo halipati nafasi ya kutandaa; shinikizo la hewa yote iliyomo hupanda na kushuka kwa pamoja. Ndiyo maana sabwufa ndogo ya inchi 8 husikika nzito ndani ya gari kuliko ambavyo ingesikika ukumbini. Hakuna haja ya kubwa zaidi.

Sauti nyembamba huenda kinyume. Wimbi la hezi 4000 lina urefu wa sentimita 9 hivi, hivyo huzuiwa kwa urahisi na goti, begi au kiti. Dereva asiyesikia maneno vizuri huongeza sauti yote, besi ikiwemo. Hapo ndipo mpangilio mbaya unapogeuka kuwa jambo la afya.

Mahali pa kila kifaa

Kwanza, spika za milango. Hizi hubeba sauti za kati. Mlango uzibwe matundu na uwekewe tabaka la kuzuia mtikisiko, la sivyo sauti ya nyuma ya spika itaifuta ile ya mbele.

Pili, twita. Zifungwe juu, kwenye pembe za dashibodi au karibu na vioo vya pembeni, zikielekea katikati ya kabini. Zisifungwe mahali penye mfuko wa hewa wa usalama. Twita iliyo juu hufikisha maneno sikioni bila kizuizi, na dereva huridhika kwa sauti ya chini.

Tatu, tofauti ya umbali. Tuseme spika ya kulia iko sentimita 60 kutoka sikio la dereva, na ya kushoto sentimita 140. Tofauti ya sentimita 80 huichelewesha sauti ya kushoto kwa milisekunde 2.3. Redio yenye uwezo wa kuchelewesha sauti ya spika iliyo karibu hurekebisha kasoro hiyo. Isiyo na uwezo huo, punguza kidogo upande wa karibu badala ya kuongeza upande wa mbali.

Nne, sabwufa. Sikio halitambui kwa urahisi besi ya chini ya hezi 80 inatoka upande gani, kwa hiyo sanduku linaweza kukaa nyuma ya kiti. Pima kwanza. Sanduku lililofungwa pande zote, lenye nafasi ya ndani ya sentimita 50 kwa 30 kwa 10, lina ujazo wa lita 15. Likijengwa kwa mbao za milimita 18, kina chake cha nje ni sentimita 13.6. Ongeza sentimita 2 au 3 ili mkeka wa spika usigonge kiti. Hivyo unahitaji takriban sentimita 16. Chagua sabwufa nyembamba inayoingia katika kina hicho, na iache spika za milango zianzie hezi 80 kwenda juu.

Usalama wa abiria

Sanduku lisilofungwa kwa bolti hugeuka kombora gari linapogonga. Lisizuie mikanda, jeki wala kitasa cha kukunja kiti. Waya mkuu uwe na fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Amplifaya ipate hewa na iinuliwe kutoka sakafuni, mahali maji ya kuoshea hutuama.

Kipimo cha sauti na muda

Taasisi ya NIOSH ya Marekani inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1. Dereva anayesikiliza desibeli 91 kwa saa 6 amepokea mara tatu ya kipimo cha siku. Akipunguza hadi 85, saa hizo 6 ni asilimia 75 tu ya kipimo. Kufunga vioo barabarani husaidia sana, kwa kuwa muziki hauhitaji tena kushindana na upepo.

Jihadhari na mambo mawili. Mizani ya A inayotumika katika vipimo hivi huondoa takriban desibeli 30 kwenye hezi 50, hivyo namba ndogo haimaanishi kwamba besi ni ndogo. Pia, spika nzuri haikwaruzi inapopandishwa. Dereva hukosa lile onyo lililokuwa likimfanya apunguze.

Kwa mhudumu wa afya

Seli za vinyweleo za sikio la ndani zikifa, kwa binadamu haziotei tena. Hasara ya kelele huanza mara nyingi kati ya hezi 3000 na 6000, kabla mgonjwa hajatambua. Muulize: Je, masikio huvuma au huziba baada ya safari? Je, abiria hulazimika kupaza sauti ili umsikie? Je, unasikia king'ora cha gari la wagonjwa kikiwa nyuma yako? Jibu la kutia shaka latosha kumpeleka kupimwa usikivu. Anayepoteza usikivu ghafla katika sikio moja ni mgonjwa wa dharura. Asisubiri hadi wiki ijayo.

Hitimisho

Fundi hupima nafasi kwa sentimita, na mhudumu wa afya hupima sauti kwa saa. Kabla ya kuondoka, weka sauti katika kiwango kinachokuwezesha kuzungumza na abiria wako bila kupaza, kisha usiiongeze safarini.