Usipoteze ulichonakili: washa kumbukumbu ya kunakili kwenye kompyuta yako

Leo tunaweka jembe pembeni, tunakaa kwenye kompyuta, maana kilimo biashara kinaumizwa na makosa ya mezani pia.

Msimu uliopita kijana mmoja wa nyanya aliniomba kipimo cha dawa ya ukungu. Nikanakili kwenye faili langu, nikabandika, nikatuma. Kumbe Ctrl + C haikushika. Kilichokwenda ni kipimo cha dawa ya wadudu wa mahindi, nilichokuwa nimemnakilia mtu mwingine asubuhi. Bahati nzuri kijana ni makini, akapiga simu: "Bwana shamba, mbona hiki hakifanani na lebo ya chupa?" Angechanganya bila kusoma, hasara ingekuwa yake na lawama yangu.

Tatizo ni kwamba kwa kawaida kompyuta inashika kitu kimoja tu, kile cha mwisho ulichonakili, na huoni imeshika nini mpaka ubandike. Windows 10 iliyosasishwa na Windows 11 zina suluhisho lake ndani, bure, bila intaneti.

Fanya hivi:

1. Shikilia kitufe cha Windows (chenye alama ya dirisha), kisha bonyeza V.
2. Mara ya kwanza utaulizwa kama unataka kuwasha kumbukumbu. Kubali. Kuanzia hapo ndipo inaanza kutunza.
3. Nakili kama ulivyozoea: jina la mnunuzi, bei ya tenga, namba ya akaunti.
4. Ukitaka kubandika, bofya pale unapoandika, kisha Windows + V. Orodha itatokea, cha karibuni kikiwa juu. Kisome kwanza, ndipo ukichague.
5. Unachotumia kila siku, kama TIN ya kuweka kwenye ankara, kibane kwa alama ya pini.

Orodha inabeba vitu 25. Ukizidisha, cha zamani kinaondoka chenyewe. Ukizima kompyuta na kuiwasha upya vyote vinafutika, isipokuwa vile ulivyobana.

Tahadhari: kompyuta ya steshenari au ya kikundi si yako peke yako. Ukinakili nywila pale, anayekaa baada yako akibonyeza Windows + V anaiona. Kabla hujanyanyuka, futa orodha yote, na kumbuka vilivyobanwa havifutiki kwa pamoja. Vitoe kimoja kimoja.

Siku hizi situmi kipimo kabla sijakiona kwenye orodha, na nikishabandika nakisoma tena. Na wewe, hata kipimo kikitoka kwangu, kilinganishe na lebo ya chupa kabla hujamimina kwenye bomba.

Tukutane somo lijalo.