Dalali Akifika Mlangoni: Hati Isomwe Kwanza

Tuseme asubuhi moja katika soko la Ikutha, mama mwenye duka hajapima hata kilo ya kwanza ya sukari, lori lasimama mbele ya mlango wake. Wanaume wanne washuka. Mmoja ana karatasi mkononi; watatu wameanza kutazama mizani, cherehani na magunia. Yule mwenye karatasi asema, "Mama, una deni la kodi ya ploti. Lipa sasa, au twapakia." Naye mama ajua moyoni kwamba deni hilo alikwisha lilipa.

Wapo walipao papo hapo kwa hofu, na fedha za karo ya watoto zikaenda. Wapo wapigao mayowe, vijana wakaja na fimbo, na shauri la karatasi likageuka shauri la polisi. Ipo njia nyingine, nayo imewekwa na sheria ya Kenya yenyewe. Mama yule angeweza kujibu hivi: "Karibuni, baba. Kabla hamjagusa kitu, naomba kuiona hati yenu na leseni ya dalali." Maneno hayo si ya ukaidi. Dalali wa kweli ayangojea.

Hofu ya kukamatiwa mali si ngeni katika Ukambani. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Waingereza mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910. Tena mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilikamata ng'ombe wa Wakamba wa Machakos, ikisema mifugo imezidi. Muindi Mbingu akaongoza watu kwa maelfu mpaka Nairobi, wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Shauri lile halikuwa la deni, na Muindi mwenyewe alihamishwa Lamu. Walakini kabla ya mwaka kwisha, ukamataji ule wa nguvu uliachwa. Watu wale walilazimika kutembea mpaka Nairobi ili wasikilizwe. Mwenye duka wa leo aweza kuanzia mlangoni pake, akijua la kuuliza.

La kwanza ni kumjua mdai. Mpaka mwaka 2013 ada za soko na kodi za ploti zilikusanywa na mabaraza ya serikali za mitaa. Mabaraza hayo yakaondoka, na kazi ikachukuliwa na Serikali ya Kaunti. Madaftari yakihama kutoka ofisi moja hadi nyingine, malipo yaweza kukosa kuandikwa, au namba ya ploti ikanakiliwa kwa kosa la tarakimu moja tu. Kwa hiyo usiseme tu, "Sidaiwi." Uliza: ni deni la mwaka gani, la ploti namba gani, na kwa sheria ipi? Haki ya kuuliza hivyo yatoka katika Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 209 chataja kodi ambazo kaunti yaweza kutoza, na cha 210 chasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa sheria. Majibu yakiwa ya mdomo, omba yaandikwe. Stakabadhi zako nazo ziwe katika kopo la bati lenye kifuniko, kwa maana mchwa hawajui kutofautisha risiti na kuni.

La pili ndilo kubwa, nalo ni siku saba. Madalali huongozwa na Sheria ya Madalali ya mwaka 1996 na kanuni zake za mwaka 1997. Dalali apaswa kuwa na leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali, na huja kwa amri ya mahakama au kwa barua ya maagizo ya mdai. Siku ya kwanza hapaswi kupakia kitu. Kazi yake siku hiyo ni kuandika orodha ya vitu, kila kimoja na hali yake na thamani yake, kisha kumpa mwenye mali notisi ya siku saba ili alipe na kuikomboa mali yake. Hukuombwa kutia sahihi ili uwe umekubali deni. Sahihi yaonyesha tu kwamba orodha umeiona. Lakini isome kabla ya kutia kalamu. Ikiwa cherehani mpya imeandikwa kuwa mbovu, au magunia kumi yameandikwa sita, sema hapo hapo, mbele ya mashahidi.

Siku saba hizo si za kulala. Ndizo siku za kupeleka stakabadhi katika ofisi ya mapato ya kaunti, na kurudi na nakala iliyopigwa mhuri kuwa imepokelewa. Ofisi ikikataa kusikia, na ikiwa kuna amri ya mahakama, nenda katika mahakama iliyoitoa ukaombe amri isimamishwe mpaka hesabu ichunguzwe. Wengi hukaa nyumbani wakijifariji kwamba haki yao yajulikana. Mahakimu hawawezi kujua kisichowekwa mbele yao.

Hapa twataka mfugaji asikie vizuri. Ile kanuni ya siku saba haikuwekwa kwa mifugo wala kwa vitu viozavyo, kama maembe. Anayefuatiwa mbuzi au ng'ombe hana muda ule alio nao mwenye cherehani; apaswa kwenda kulalamika siku ile ile.

Lakini mfugaji na mkulima wana kinga nyingine. Katika kutekeleza hukumu ya mahakama, Sheria ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 44, hairuhusu kuchukua nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na mkewe na watoto wake. Zana za kazi za fundi zimelindwa pia, na hivyo mama yule, akiwa ndiye fundi wa kushona, ana neno la kusema juu ya cherehani. Mkulima huachiwa mifugo ya thamani ya shilingi 10,000 za kwanza, na zana za kilimo za shilingi 5,000 za kwanza. Kwa bei za siku hizi fedha hizo si mbuzi wengi, na twaona kwamba kiasi hicho chafaa kutazamwa upya. Hata hivyo mbuzi mmoja wa maziwa katika nyumba yenye mtoto mchanga si kitu kidogo.

Tena huenda cherehani ile si ya mama, ni ya dada yake aliyeiacha dukani. Mali ya mtu mwingine haichukuliwi kwa deni lisilo lake. Mwenyewe apeleke pingamizi kwa maandishi mahakamani, pamoja na risiti ya kuinunua ikiwa anayo.

Na mlango ukiwa umefungwa? Dalali asiuvunje kwa hiari yake. Kanuni zamtaka aiombe mahakama msaada wa polisi. Wewe nawe usimguse mwenye amri ya kweli, kwani kumzuia kwa nguvu ni kosa, na utashtakiwa hata kama deni si lako. Andika namba ya lori, jina lililo kwenye leseni, saa waliyofika, na vitu walivyochukua.

Vitu vikichukuliwa, bado havijauzwa. Mnada hutangazwa gazetini, na kwa mali isiyooza mauzo hayafanywi kabla ya siku saba tangu tangazo la kwanza. Malipo ya dalali nayo yamepangwa katika kanuni. Akidai zaidi, omba mahakama iyapime. Aliyetumia vitisho, au aliyechukua bila orodha, hushtakiwa mbele ya Bodi ya Leseni za Madalali. Malalamiko hayo yaandikwe, yatiwe tarehe, na yaambatanishwe na nakala za stakabadhi. Stakabadhi zenyewe zirudi katika kopo.