SOMO LA AFYA: KILEVI HAKIJI PEKE YAKE



Somo la safari hii linahusu vijana wetu wa miaka 12 hadi 19 na vilevi. Kwenye vikao wazazi huuliza: mtoto akionja kidogo, kuna ubaya gani? Swali ni zuri. Lakini jibu halimo ndani ya kikombe peke yake. Kilevi hufuatana na mambo mengine, na mara nyingi hayo mengine ndiyo yanayomwumiza kijana zaidi.

Tuanze na pombe. Mabibo yakiiva hapa pwani, uraka na nipa hupatikana kila upande. Ubongo wa kijana huendelea kukua mpaka apate miaka ishirini na kitu, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya kupima jambo kabla ya kulitenda. Pombe huidhoofisha sehemu hiyo hiyo. Kwa hiyo aliyekunywa huendesha pikipiki ovyo, huingia baharini usiku, hutoa kisu kwa neno dogo, au hulala na mtu bila kondomu. Uchunguzi wa mwaka 2021 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100 wa Msumbiji, 12 hadi 13 wana virusi vya UKIMWI. Usiku mmoja unatosha.

Kwa wasichana tuseme waziwazi. Si kila binti aliyelewa alitaka kulewa. Wapo watu wazima wanaomnunulia kinywaji huku wanajua wanachotafuta. Binti huyo ametendewa uovu, asiitwe malaya. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na zisipite saa 72, maana zipo dawa za kuzuia virusi visishike, humezwa siku 28, na zipo za kuzuia mimba. Saa hizo zikipita, dawa za kuzuia virusi hazifai tena. Vikao vya ukoo visimcheleweshe.

Neno kwa wapishi wa pombe pia. Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe msibani. Wengi walisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi ulikuta sumu ya bakteria, na unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umelowa maji ya mafuriko. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Unga wa mgao uliolowa na kuharibika utupwe, usigeuzwe pombe.

Huo ni unga wa ugali. Uko na unga mwingine, heroini. Pwani yetu imekuwa njia yake tangu miaka ya 1990: majahazi hutoka upande wa Pakistani na Irani, hushusha mzigo Cabo Delgado na Nampula, na sehemu kubwa huendelea Afrika Kusini na Ulaya. Mzigo ukipita, punje hudondoka njiani. Kijana huanza na kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi katika sigara moja, mara nyingine bila kuambiwa. Baadaye akikosa kete hushikwa na arosto: makamasi, miayo, kuhara, mifupa kuuma. Hapo ataiba, atauza mwili, atachangia sindano. Damu iliyobaki ndani ya sindano hubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na kuisuuza kwa maji hakutoshi. Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, wakitumaini kutuliza arosto. Hufika hapo.

Lakini teja hutibika. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na wengi wamerudi kazini na majumbani mwao.

Kuna wanaosema vijana wa kambi wameharibika. Mimi sikubali. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na baada ya Palma mwezi Machi 2021, wako walioona mambo ambayo mtu mzima hawezi kuyasimulia. Usiku hawalali. Akinywa, anasinzia, basi anaona amepata dawa. Kumbe usingizi wa pombe hukatika alfajiri, na ndoto zinarudi na nguvu mpya. Ukimchapa bila kumwuliza halali kwa nini, umefukuza moshi ukaacha moto.

Kwenye vituo vingi vya afya nchini iko huduma ya vijana iitwayo SAAJ. Kijana akienda, husikilizwa kwa siri. Mtu akizimia kwa kilevi, mlazeni ubavu asipaliwe na matapishi, angalieni pumzi yake, mkimbizeni kituoni, wala msimwache peke yake mpaka aamke.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi:
Kijana wa mtaa wenu asiye na shule wala kazi hufanya nini kuanzia saa kumi jioni? Nani anawauzia nipa watoto, na mwenyekiti wa mtaa ameambiwa?