Dondoo muhimu: Kuchangia michezo ya wenye ulemavu wa akili Pemba

Special Olympics, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1968, haimtozi mchezaji ada ya mazoezi wala mashindano. Nauli ya daladala kutoka Wete hadi Uwanja wa Gombani, maji na raba, hata hivyo, lazima vilipiwe na mtu. Kamati inayotaka kuziba pengo hilo izingatie haya:

1. Mwoneni sheha kabla ya kupitisha daftari mtaani.

2. Changisheni msimu wa karafuu, fedha zikiwa mikononi. Skuli zinapofunguliwa kila mzazi ana lake.

3. Tajeni kitu na bei yake. “Jozi kumi za raba” humfungua mtu mfuko, “saidieni walemavu” huishia kwenye ahadi.

4. Msipokee michango kwa simu ya mtu binafsi. Akaunti iwe ya kikundi, na stakabadhi apewe hata aliyetoa shilingi mia tano.

5. Tiketi mbili za boti ya Mkoani–Unguja ni mchango pia. Ziandikeni kwa thamani yake.

6. Msimtembeze mchezaji na bakuli, wala msirushe picha yake WhatsApp bila ridhaa yake na ya wazazi. Kosa hili huudhi kuliko yote: kijana anajifua awe mwanamichezo, watu wanamgeuza chambo cha huruma.

7. Andaeni mechi ya timu mchanganyiko, wenye ulemavu na wasio nao. Kiingilio kiwe kidogo. Maandazi na urojo vitaongeza kitu.

8. Bandikeni hesabu ofisini kwa sheha ndani ya wiki, pamoja na salio.